Mkesha wa Daftari Moja

Mkesha ule ulikuwa wa kuombea kanisa jipya. Ilipofika saa nane usiku mchungaji akasema maombi yanatosha, sasa tuandike katiba. Tulikuwa watu 12 na daftari moja. Uandishi ukaniangukia mimi kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka.

Kijana mmoja akauliza: aliyejazwa Roho katiba ya nini? Mchungaji hakumkemea. Akatupa habari za William Seymour, mhubiri mweusi wa Marekani, mtoto wa watumwa walioachwa huru huko Louisiana, aliyefika Los Angeles mwaka 1906 kwa mwaliko wa kikanisa kimoja. Alihubiri kwamba kunena kwa lugha ndiyo ishara ya ujazo wa Roho Mtakatifu, na mwenyewe alikuwa hajanena bado. Aliporudi kwa ibada nyingine akakuta kufuli mlangoni.

"Funguo alikuwa nazo nani?" mchungaji akauliza. Hapo tukapata ibara ya kwanza: mali yote iwe chini ya wadhamini watatu, isiandikwe jina la mchungaji. Akifa kiwanja kikiwa na jina lake, warithi ni wanawe, na waumini watabaki nje na Biblia zao. Benki saini mbili, na waweka saini wasiwe mume na mke.

Seymour akahamia nyumba ya akina Asberry, mtaa wa Bonnie Brae. Watu walifurika hadi kibaraza kikaanguka. Ndipo wakapata jengo katika mtaa wa Azusa, lililokuwa kanisa zamani kabla ya kugeuzwa ghala na zizi. Mimbari ilikuwa masanduku mawili ya mbao yaliyopandanishwa, na viti ni mbao juu ya vipipa vya misumari. Mzee wetu fundi seremala akadakia kwamba benchi la namna hiyo bila mguu wa katikati litabonyea, na wa katikati wote watateleza kuelekeana. Tulicheka, lakini ikaandikwa: miguu mitatu kila benchi.

Kisha mchungaji akafika palipomuuma. Gazeti la Azusa lilianza Septemba 1906 na kusambaa mbali sana. Anwani za wasomaji zilikuwa mikononi mwa katibu. Seymour alipooa mwaka 1908, katibu huyo akahamia mji wa Portland na orodha zake, na gazeti likaanza kutokea huko. Seymour akawa hana njia ya kuwaandikia watu wake.

"Msitafute pepo hapo," mchungaji akasema. "Ni daftari moja tu."

Macho yote yakanigeukia, maana nilikuwa nimelikumbatia.

Basi rejista ya waumini ikawa na nakala mbili, ya katibu na ya mweka hazina, zilinganishwe kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Sadaka ihesabiwe na wawili wasio ndugu, kabla haijatoka jengoni, na kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Tarakimu peke yake ni rahisi kuongezewa sifuri. Tuliyobishania zaidi ni ibara ya 7, ya nani atamrudi mchungaji akikosea. Wengine waliona ni kumgusa mpakwa mafuta. Yeye akasisitiza: wazee, theluthi mbili yao.

Alfajiri nikanakili nakala ya pili. Mweka hazina akazilinganisha kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha kidole kikasimama. Usingizi ulikuwa umenirusha ibara nzima ya 7. Mchungaji akachomoa kalamu mfukoni mwake, akanipa.