Deni la tajiri wa samaki

Malindi, mvuvi asiye na chombo hukopa kwa tajiri, mfanyabiashara anayenunua samaki wake: mafuta, barafu, nyavu, hata unga wa nyumbani. Riba haitajwi. Imejificha kwenye bei ya samaki.

Fanya hesabu. Tuseme sokoni kilo ni shilingi 300, tajiri anampa 220. Kwa kilo 20, 1,600 zimekwenda siku hiyo, na deni lenyewe halijapungua hata senti, kwa sababu ile tofauti haihesabiwi kama malipo. Hapa ndipo watu wanapoumia. Siku 20 za bahari ni 32,000, pengine zaidi ya alichokopa!

Kisha upepo wa kusi unaingia, mwezi wa 4 hivi hadi wa 9. Bahari huchafuka, vyombo vidogo hulala pwani, lakini watoto wanakula kila siku. Deni linakua hadi upepo wa kaskazi urudi na bahari itulie.

Kabla ya kupokea chochote, tenganisheni mambo mawili: bei ya kilo na malipo ya deni. Andikeni daftari mbili, moja ibaki kwa mvuvi. Samaki wapimwe mbele yake, kwenye mizani ya BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ikiwepo. Barafu nayo iandikwe. Hiyo husahaulika sana.