Bogenvilia kwa kisu: picha yangu ya maua imefika hapa

Fremu imetoka kwa seremala, sentimita 40 kwa 50, mbao ya paini, pembe zimekaa sawa. Nimeivalisha marekani, ile pamba isiyopaushwa inayouzwa kwa mita, kwa sababu kanvasi iliyo tayari hapa Dodoma mjini ni ya kuvizia, na ukiipata bei yake inakata hamu. Pini nimeanza kupiga katikati ya kila upande, ndipo nikavuta kuelekea pembe. Ukianzia pembeni mikunjo haikuachi. Juu yake mikono miwili ya jeso, ile rangi nyeupe ya msingi inayotayarisha kitambaa, na msasa nimepitisha kidogo tu. Uso uliolainishwa mno haushiki rangi inayopakwa kwa kisu, inateleza na kujikusanya ukingoni.

Maua nimeyakata kwenye uzio wa jirani, hukuhuku Ipagala.

“Shikamoo mama. Naomba matawi mawili ya maua.”

“Marahaba mwanangu. Kata hata kumi, yananimwagia takataka kila siku.”

Kiangazi hiki mahindi yameshavunwa, majani yote ni kahawia, na bogenvilia ndiyo imeamua kujiachia. Ni mmea ambao ukinyimwa maji kidogo ndio unachanua. Nimechagua hii badala ya waridi la dukani kwa sababu ya umbo lake. Lishike karibu: hicho unachokiita ua ni majani matatu yaliyovaa rangi, membamba, mishipa inaonekana. Maua yenyewe ni vijimrija vitatu, kila kimoja kimeegemea jani lake, na mdomoni kina kinyota cheupe. Maana yake jani moja la rangi ni mkandamizo mmoja wa kisu, na kinyota ni tone la ncha. Waridi lenye tabaka ishirini lingenitesa bure.

Yamekaa kwenye chupa tupu ya mvinyo, ya kijani kibichi kilichokolea. Chupa hizi hazina shida mji huu wa zabibu. Kijani kile kikikaa chini ya pinki, pinki inawaka bila kuongezewa kitu.

Kisu changu ni kama mwiko wa mwashi uliopunguzwa ukakaa kiganjani: bapa jembamba linalopinda, shingo imekunjwa ili vidole visiguse rangi. Nilikuwa naulizia bapa lilaleje, jibu likatoka kwa kaka mmoja anayeskimu, yaani kulainisha kuta, nyumba ya jirani. Alisimama mlangoni akitazama, akasema, “Skrepa ikilala inapaka, ikisimama inakwangua. Hiyo nayo itakuwa hivyohivyo.” Ni kweli tupu. Kulaza bapa karibu na kitambaa kunaacha rangi nene na laini, kuliinua kunaichota hadi nyuzi za kitambaa zionekane. Jani la bogenvilia linataka yote mawili kwa mwendo mmoja: unaanza umelaza, unamaliza umeinua, na ncha ya jani inachanika yenyewe. Halafu unafuta kisu kwa kitambaa. Kila mara. Mtu asiyetaka kufuta kisu bora abaki na brashi, kwa sababu mabaki ya kijani yakiingia kwenye pinki unapata rangi ya matope.

Rangi ni akriliki, ile inayochanganywa na maji na kukauka maji yakiondoka. Za mafuta nimeziacha makusudi. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka, inakauka kwa mafuta yake kushikana na oksijeni, na ikipakwa nene hivi inabaki mbichi kwa wiki nyingi. Kwa upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba, picha mbichi ya wiki nyingi ni mtego wa vumbi. Akriliki nayo ina adabu yake. Mji uko mita 1,100 na ushei juu ya bahari, mvua ikikatika mwezi wa nne au wa tano hairudi mpaka mwisho wa mwaka, na hewa inanyonya maji kwenye rangi huku unaangalia. Kwa hiyo nachanganya kila kitu kabla sijagusa kitambaa. Kwenye sinia natandika taulo lililoloa, juu yake karatasi ya kuokea mikate, rangi zinakaa hapo, na chupa ya kupulizia maji iko mkono wa kushoto. Kupulizia ni kwa ukungu tu. Maji yakizidi rangi inalegea na alama za kisu zinalala.

Lakini ukavu huuhuu ndio unaonipendeza. Tabaka la chini linashika ganda mapema, kwa hiyo naweza kuweka jani juu ya jani asubuhi hiyohiyo bila ya chini kuamka.

Nimeanza na giza: buluu ya ultramarini na siena ya kuchomwa, kahawia yenye wekundu, ambazo zikikutana zinatoa weusi wenye uhai kuliko nyeusi ya tyubu. Hapo ndipo chupa na kivuli chake vilipotoka. Pinki ndiyo yenye gharama. Nyekundu ya kawaida na buluu hazizai pinki ya bogenvilia, zinazaa zambarau iliyochoka. Lazima ununue majenta yenyewe, ile unayoiona kwenye wino wa printa. Naichanganya na nyeupe nusunusu, mistari yote miwili ionekane kwenye bapa, halafu nakandamiza mara moja na kuondoa mkono. Ukirudia, rangi mbili zinakuwa moja na jani limekufa.

Wanaopita wanauliza kama nimemaliza, maana kingo hazijafungwa. Naelewa. Macho yetu mengi yamelelewa na Tingatinga, kazi iliyoanza na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli: mng'ao, ukingo safi, kila doa mahali pake. Naipenda sana. Ila kisu ukikilazimisha kufunga kingo kinakuwa brashi mbaya. Kwenye kundi la kulia majani matano hivi yanasomeka kabisa, mengine ni madoa ya pinki tu, na jicho linayamalizia.

Kushoto bado pazito. Nitapakwangua kwa bapa lililosimama mpaka jeso ichungulie, kisha niweke majani machache ya pinki baridi, yenye buluu kidogo. Vinyota vyeupe vinakuja mwisho. Vanishi haina haraka: ganda la akriliki nene likikauka juu, ndani bado kuna maji. Kwanza nitafute tyubu nyingine ya majenta, hii ninaikamua kwa mpini wa kisu.