Mbuzi ya Ba

Nina dera moja ambalo mpaka leo halijatakata. Lilikuwa jeupe nilipoondoka nalo Tanga. Sasa begani lina doa la kijani, na mgongoni kiganja cha mtoto, vidole vitano kamili, rangi ya zambarau. Ni Holi, sikukuu ya rangi ya Wahindu, ya Machi 2014, Mandvi, mji wa bandari huko Kachchh, Gujarat.

Nilikuwa nasoma chuo Vadodara, mji mwingine wa Gujarat. Mwenzangu wa chumba alisema Holi haisherehekewi hosteli, twende kwao. Tukapanda treni ya usiku hadi Bhuj, tukamalizia kwa basi. Tulipopita kando ya mto nikaona majahazi ya mbao yakiundwa, makubwa kama nyumba za ghorofa, mafundi wakigonga juu kwa juu. Nikanyamaza kidogo.

Bibi yake, ambaye wote walimwita Ba, alikuwa barazani anachambua tende. Nilishazoea kukunja mikono na kusema namaste. Siku hiyo niliinama, mdomo ukaniponyoka: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Tanga, bibi."

"Tanga! Waja leo, waondoka leo!" Akacheka mpaka tende zikamwagika.

Kumbe kazaliwa Unguja, Mkunazini, akaondoka mwaka 1964 akiwa na miaka 19. Mjukuu wake alibaki kutoa macho. Alijua tu kwamba bibi aliwahi kuishi Afrika. Kiswahili walichokuwa nacho nyumbani kilikuwa cha neno mojamoja, fagio, kisu, sufuria, na watoto wakidhani ndiyo lugha yao wenyewe. Hata kibao cha kukunia nazi walikiita mbuzi. Nilipowaambia kwetu mbuzi ni pia yule anayelia mee, mama wa rafiki yangu alikaa chini kwa kicheko.

Usiku, mwezi mpevu, moto ukawashwa njia panda kwa kuni na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Watu waliuzunguka wakimimina maji kidogo kidogo kutoka kwenye vyungu, wakitupia bisi, tende na nazi nzima. Waliojaliwa mtoto mwaka ule walizunguka naye mikononi. Ba alinishika mkono akanisimulia: mfalme Hiranyakashipu alitaka aabudiwe yeye, mwanawe Prahlad akakataa, akabaki na mungu wake, Vishnu. Shangazi mtu, Holika, aliyekuwa na kinga ya moto, akampakata mtoto wakaingia naye motoni. Akateketea yeye, mtoto akatoka mzima. Mimi kichwani nilishafika kwa Nabii Ibrahimu na moto wa Namrudi, ila niliona haya kusema.

"Kama Ibrahimu, siyo?" akasema mwenyewe. "Jirani yetu Mkunazini akitusimulia."

Kesho yake ndiyo Dhuleti, siku ya rangi. Niliambiwa nijipake mafuta ya nazi kila mahali, mpaka kwenye nywele. Kwa uvivu nikapaka uso peke yake. Nilirudi chuo na masikio ya kijani, na yalikaa hivyo zaidi ya wiki. Watoto walijibanza nyuma ya mlango na mabomba yao ya kurushia maji, pichkari, na mgeni ndiye nyama yao. Ba hakutaka unga wa rangi wa dukani. Alisema ule wa kupakia mageti. Yeye aliloweka maua ya kesuda ndoo nzima tangu jana yake, maji yakawa rangi ya chungwa, akakaa nayo kizingitini na kopo. Hakumkosa hata mmoja. Mkwewe alimwagiwa mara tatu.

Mchana akasema anataka mbaazi za nazi, kwa kuwa amepata mtu wa kumkunia. Nikakalia mbuzi. Mikono nilikuwa nimenawa mara mbili kwa sabuni, lakini rangi ilishaingia kwenye kucha na mistari ya viganja, na kila nilipozungusha kifuu, nazi nyeupe ilianguka kwenye sinia ikiwa na chembe za waridi.

"Wee binti, umenawa?"

"Nimenawa, bibi."

Akatia maji, akakamua. Tui likatoka jekundu jekundu, kama sharubati. Akaliinamia, akalinusa, akamimina kwenye sufuria ya mbaazi.

"Haya, koroga. Lisikatike."