Alhamisi ya Mfuasi Mwenye Duka la Nafaka Kawangware

Saa 10:30 alfajiri

Simu imelala sebuleni. Biblia imelala mezani, na daftari na kalamu kando yake. Mpangilio huo huamuliwa usiku, si asubuhi, kwa sababu kidole kikigusa simu kabla ya Neno, nusu saa imekwenda.

Leo ni Zaburi ya 119, mstari wa 81 hadi 88. Zaburi hii ina mistari 176 katika mafungu 22 ya mistari 8, kila fungu na herufi yake ya Kiebrania, kwa hiyo inajigawa yenyewe katika asubuhi 22. Isome kwa sauti mara mbili, polepole. Katika fungu la leo mwenye zaburi anajifananisha na kiriba kwenye moshi: ngozi imekauka na kukunjamana, naye bado anangojea neno la Mungu. Napenda sana fungu hili. Tumaini lake halijapakwa rangi. Mtu amechoka kabisa na hajaacha kungoja.

Kisha andika mstari mmoja daftarini, wenye kitendo na saa. "Niwe na upendo zaidi" haufai, maana jioni huwezi kujua kama umeutimiza. "Kabla ya saa 6 nimpigie mteja niliyemjibu kwa ukali" unafaa.

Wanaoanza huniuliza wasome kiasi gani. Biblia ina sura 1,189. Ukisoma sura 3 kila siku na 5 Jumapili, unaimaliza kwa mwaka. Shida ni kwamba wengi hukwama kwenye Mambo ya Walawi mwanzoni mwa Februari, wanajaribu kulipa deni la siku walizoruka, deni linawashinda, wanaacha. Kwa mtu anayetoka nyumbani alfajiri ninapendekeza Agano Jipya kwanza. Lina sura 260: sura 1 kwa siku, siku 5 kwa juma, majuma 52. Linaingia mwaka mzima bila kubaki hata sura moja, na siku 2 za kila juma ni za kufidia. Ukiruka zaidi ya hapo, soma ya leo na usirudi nyuma.

Ila ukiwa tayari kwa Walawi, usiishie njiani kabla ya sura ya 19. Duka hili linaendeshwa kwa sura hiyo.

Saa 12 asubuhi

Matatu ya 46 hadi mjini Nairobi, halafu miguu hadi Nyamakima, kwenye stoo za nafaka. Muziki uko juu, kusoma haiwezekani, ila kukariri kunawezekana. Kadi yenye mstari iko mfukoni. Kata mstari mahali unapovuta pumzi, rudia kipande cha kwanza mpaka stendi inayofuata, kisha ongeza cha pili.

Saa 1:30

Nyamakima imeamka zamani. Hamali wanapita na magunia, "kando, kando!", na mwenye stoo anakuhakikishia mahindi ni makavu. Mwamini, lakini pima. Kiwango cha unyevu kinachokubalika Kenya ni asilimia 13.5. Asiye na mashine atumie chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu kama dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15: usinunue. Kosa la kawaida ni kutumia chumvi iliyovuta unyevu jikoni. Hiyo hunata hata kwa mahindi mazuri, nawe unamnyima muuzaji haki yake. Ikaange kwanza kwenye kikaango kikavu.

Nalichukulia hili kuwa sehemu ya ufuasi kama sala ya alfajiri. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu huleta aflatoksini, ambayo kuchemsha githeri saa tatu hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 hapa Kenya, wengi wao Ukambani. Gunia bovu likiwa rahisi kwa shilingi mia kadhaa, mjaribu yuko hapo hapo stooni, na huwezi kumwambia asubiri mpaka Jumapili.

Saa 4

Duka limefunguliwa. Kabla ya mteja wa kwanza, gorogoro inakaguliwa. Ni mkebe wa takriban kilo 2, na udanganyifu wake unajulikana mtaani kote: kitako kinagongwa kiingie ndani, au karatasi inatandikwa chini, au muuzaji anasawazisha kwa kiganja kilichopinda ili nafaka izame katikati. Pitisha kidole ndani ya kitako. Kikiwa kimebonyea, tupa mkebe. Jaza mahindi, sawazisha kwa ufito ulionyooka, pima kwenye mizani yenye muhuri wa mwaka huu wa wakaguzi wa vipimo, andika uzito. Rudia kwa maharagwe, kwani mkebe ule ule hautoi uzito ule ule.

Hapa ndipo Walawi 19 inapokaa. Mstari wa 18 unasema umpende jirani yako kama nafsi yako. Mistari 18 baadaye, sura ile ile inadai mizani ya haki, efa ya haki kwa nafaka na hini ya haki kwa vitu vya maji. Anayeuacha mpango wake wa kusoma wiki moja kabla ya kufika hapa, anaukosa mstari wa upendo katika makao yake ya kwanza, akiujua tu kama maneno ya ukutani.

Ukigundua umepunja, usiishie kutubu chumbani. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Nenda kwa mteja, taja kosa, mpe kilichopungua na nyongeza. Sema: "Mama, juzi nilikupimia vibaya, hii ni yako." Usieleze sana. Maelezo marefu huanza kujitetea.

Saa 7 mchana

Dakika 10 za maombi nyuma ya magunia. Daftari la maombi lina safu nne: jina, ombi, tarehe, jibu. Majina matatu tu kwa siku.

Saa 9

Biashara imelala, na saa hii ndiyo ya kutembelea waliofiwa. Watu wetu wanajua kuja: kuna mikutano ya jioni kabla ya mazishi, michango, chai. Baada ya mazishi nyumba inanyamaza. Kwa hiyo andika daftarini tarehe mbili, juma la tatu na mwezi wa tatu, na uende siku hizo. Beba unga na sukari, keti, taja jina la marehemu. Usiseme "Mungu alimhitaji kuliko sisi". Maandiko hayasemi hivyo, na mtoto akisikia atamwogopa Mungu. Paulo katika 1 Wathesalonike 4:13 hakatazi huzuni. Anakataza kuhuzunika kama wasio na tumaini, kisha anazungumzia ufufuo. Soma mpaka mstari wa 18, omba kwa kifupi, osha vikombe.

Saa 12:30 jioni

Hesabu. Fungu la kumi hutoka kwenye faida. Wapo wanaolitoa kwenye mauzo, mtaji unakonda, baada ya miezi wanadhani Mungu amewaacha. Tuseme umeuza 6,000, bidhaa hizo zilikugharimu 5,200, na nauli na mkokoteni 200: faida ni 600, fungu ni 60. Litenge sasa hivi; likilala pamoja na pesa za duka litanunua maharagwe.

Saa 1:30 usiku

Ushirika wa nyumba, watu 8, dakika 75. Chai 10, kukariri 10, Andiko 25, wawili wawili 15, maombi 15. Wanawake na wanawake, wanaume na wanaume. Swali la wawili wawili ni moja: "Ule mstari wa daftari wa juma lililopita, ulifanyaje?" Ndugu wa uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliochipuka baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kukutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, waliliita jambo hili kutembea nuruni, na walikuwa na nidhamu tunayoipoteza: unaungama dhambi yako, hugusi ya mumeo wala ya jirani. Ombi likianza na "tumwombee fulani, nasikia...", kiongozi alikate kwa upole palepale. Na kiongozi asihubiri. Akiongea zaidi ya theluthi ya muda, watu wataacha kusoma nyumbani wakimngoja yeye.

Kabla ya saa 3 wote wawe njiani, barabara ikiwa bado na watu.

Saa 4 usiku

Gorogoro imeinamishwa kifudifudi ikauke. Chupa ya chumvi iko wazi karibu na jiko. Simu inarudi sebuleni, daftari linafunguliwa ukurasa mpya: Ijumaa, mstari wa 89 hadi 96.