Opa yangu ya mwaka 2001: kwa nini nilifungua injini badala ya kutafuta gari lingine

Gari langu, Toyota Opa, lilitengenezwa Japani mwaka 2001 na lina injini ya 1ZZ-FE, ya cc 1,800. Limesajiliwa namba B, yaani usajili wa zamani ukilinganisha na namba C na D, kwa hiyo dalali yeyote wa Dar es Salaam anakuwa ameshalikata bei hata kabla ya kufungua boneti. Lilikuwa limepita kilomita 260,000 lilipoanza kunywa oili kwa kasi iliyonitisha. Kila baada ya kilomita 1,000 hivi nilikuwa naongeza lita nzima, na chini ya gari hakuna hata tone. Nikikanyaga mafuta kupanda kilima, moshi wa bluu unatoka nyuma.

Kila niliyemweleza alikuwa na jibu mkononi. Kaka yangu aliniambia, "Mdogo wangu, uza hiyo, jikusanye uchukue namba D." Fundi wa kwanza alisema, "Dada, hapa ni kutoa injini na kuweka nyingine ya Japani, tusipoteze muda." Jirani akanishauri nitie oili nzito niendelee na safari. Wote walinitakia mema, lakini hakuna aliyekuwa amepima kitu chochote. Na mimi sikuwa tayari kutumia mamilioni kwa kukisia, iwe ni kutengeneza au kununua.

Kwa hiyo nilianzia mbali na injini. Nilipeleka gari kwenye gereji yenye shimo, nikashuka mwenyewe na tochi kuangalia uvungu. Nataka kulikazia hili kwa sababu watu wengi hulisahau kabisa. Injini, giaboksi, shokapu, rejeta, vyote hivi vina bei na vinapatikana Kariakoo na Ilala. Bodi iliyoliwa na kutu ni jambo jingine. Dar tuna hewa ya chumvi, na baadhi ya magari ya Japani huletwa tayari yameshaishi kwenye mikoa ya theluji, ambako barabara humwagwa chumvi ili zisigande. Kutu ikishafika kwenye chesisi au pale shokapu za mbele zinapojifunga juu, unaweza kuchomelea na kupaka rangi, lakini itarudi. Nilishajiwekea kwamba nikikuta kutu sehemu hizo, mjadala unaishia pale na gari linauzwa.

Sikuikuta. Kulikuwa na kutu ya juu juu kwenye bomba la ekzosi na kwenye boliti, basi. Bushi za mikono ya mbele zilikuwa zimechoka na injini maunti moja (mpira unaoshikilia injini) imepasuka. Oili ya giaboksi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, ila haikuwa na harufu ya kuungua, na gia ziliingia bila kugonga wala kuchelewa. Gari lenye giaboksi nzima na bodi nzima, injini ikiwa ndiyo inayolalamika, lina sababu ya kusikilizwa.

Hapo ndipo nikatafuta fundi mwenye kipimo cha komprasheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Silinda zote nne zilikuwa chini ya kawaida, lakini zinakaribiana. Kisha akamwagia oili kidogo kila silinda kupitia tundu la plagi na kupima tena. Namba zikapanda. Oili ile huziba kwa muda nafasi iliyo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, kwa hiyo namba zikipanda tatizo liko kwenye ringi au kwenye ukuta huo. Zisipopanda, unatazama valvu au gasketi ya silinda hedi. Moshi nao unazungumza. Ukiwa wa bluu asubuhi tu unapowasha, kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu. Ukija unapokanyaga mafuta, mara nyingi ni ringi. Mweupe mzito usiokwisha unaashiria maji ya rejeta kuingia ndani, na mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi.

Sasa kuna jambo la injini hii ambalo kila mwenye gari la 1ZZ la miaka ile anapaswa kulijua. Pistoni zake za mwanzo zilikuwa na matundu madogo na machache ya kurudishia oili kwenye mfereji wa ringi ya chini. Kaboni ikiyaziba, ringi inakwama, oili haishuki tena kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), inapanda juu kuunguzwa. Karibu na mwaka 2002 Toyota walibadilisha pistoni hizo. Maana yake gari langu halikuwa linakufa kwa uzee tu. Lilikuwa na kasoro lililozaliwa nayo, na kasoro hiyo ina dawa inayojulikana.

Hilo liligeuza hesabu yangu yote. Injini ya mtumba iliyoteremshwa kwenye kontena sijui imetembea kilomita ngapi, sijui ilibadilishwa oili kila lini, na kama ni ya kabla ya mabadiliko yale basi ninanunua ugonjwa uleule kwa fedha mpya. Muuzaji anakupa muda mfupi wa kuijaribu, na injini yenye ringi zilizokwama inaweza kuumaliza muda huo vizuri kabisa. Juu ya hapo, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha injini una kazi ya kurekebisha kadi Mamlaka ya Mapato (TRA). Bei niliyopewa, pamoja na kufunga, ilikuwa shilingi milioni 2.2.

Kufungua injini yangu mwenyewe, kuweka pistoni za toleo jipya, ringi, sili za valvu, seti nzima ya gasketi, cheni na kikaza chake, bearing za konrodi, oili, kulanti na ufundi, ilikuwa milioni 1.9. Lakini kulikuwa na sharti. Bloku ya 1ZZ ni ya aluminiamu na imevikwa silivu nyembamba za chuma, haikukusudiwa kuchongwa ili uweke pistoni kubwa zaidi. Kuta za silinda zikiwa zimekwaruzika au zimelika kupita kiasi, pistoni mpya hazisaidii. Kwa hiyo nilikubaliana na fundi tufungue hedi na sampu, tupime kuta kwanza, na pistoni zisinunuliwe mpaka nizione namba. Kama kuta zimekwisha, namlipa gharama ya kufungua na tunasimama hapo.

Njia ya tatu ilikuwa gari lingine, na hii sikuidharau, niliifanyia hesabu kwa moyo wote. Kuagiza Japani gari la cc 1,800 lenye umri wa zaidi ya miaka 10 kulikuwa hivi: unachukua thamani yake likifika bandarini, pamoja na nauli ya meli na bima, unaongeza ushuru wa forodha asilimia 25. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini na asilimia 30 kwa uchakavu. Kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote. Fanya mwenyewe: 100 inakuwa 125, inakuwa 168.75, inaishia 199. Yaani kodi inakaribia kulingana na gari lenyewe kabla hujagusa tozo nyingine na usajili, na thamani inayotumika ni ile ya kikokotoo cha TRA, si lazima iwe ile uliyolipa wewe. Ukitaka gari changa zaidi ukwepe ile ya uchakavu, bei ya kununulia nayo inapanda.

Kununua hapa hapa, namba D safi ya cc 1,500 au 1,800 ilikuwa inazunguka milioni 13 hadi 15. Opa yangu na moshi wake dalali alinipa milioni 4, tena kwa kusitasita. Ningehitaji kama milioni 10 za nyongeza. Nikikopa kwa miaka mitatu, mtaji peke yake ni shilingi 278,000 kwa mwezi bila riba, na kwa gari la mkopo mara nyingi utatakiwa kukata bima kubwa.

Watu husema usitengeneze gari kwa fedha inayozidi nusu ya bei yake. Siikubali kanuni hiyo, kwa sababu inalinganisha vitu visivyohusiana. Milioni 4 za dalali haziwezi kuninunulia gari lenye bodi nzima, giaboksi nzima na historia ninayoijua. Swali langu lilikuwa tofauti: hizi milioni 1.9 zikinipa mwaka mmoja tu wa usafiri, nitakuwa nimeumia? Mwaka mmoja ni kama shilingi 158,000 kwa mwezi. Hata katika hali hiyo mbaya, niko chini ya mkopo.

Tulifungua. Kuta zilikuwa laini, bado unaona mistari ile ya kukatana ya kiwandani sehemu kubwa ya silinda, na vipimo viko ndani ya kiwango. Ringi za chini zilikuwa zimegandamana na kaboni hadi hazichezi kabisa. Fundi alinionesha mwenyewe, akaniambia, "Dada yangu, hii ingekuua kwa gharama ya oili tu." Niliomba vitu viwili ambavyo ningemwomba fundi yeyote: vipuri vya zamani nikabidhiwe mkononi, na masega ya ekzosi (yale ya kusafisha moshi ndani ya bomba) yasitolewe bila kuniuliza. Oili inayoungua huyaziba, hivyo yalihitaji kukaguliwa, lakini pia yana madini ya thamani na yana wanunuzi.

Baada ya kufunga niliiendesha taratibu kwa muda, nikibadilisha mzunguko wa injini, sikuiachia kwenye mwendo mmoja njia nzima, na oili ya kwanza niliimwaga mapema. Sasa kijiti cha oili kinashuka kidogo sana kati ya sevisi na sevisi, na moshi hakuna. Bushi na injini maunti nilizifanya baadaye, zilivumilia.

Kila mwezi naweka shilingi 150,000 kwenye akaunti ya gari peke yake, sehemu ya ile ambayo ningeipa benki, na kila sevisi inaandikwa kwenye daftari: tarehe, kilomita, kipuri, bei. Mpaka wa uamuzi wangu nimeshauandika pia kwenye ukurasa wa kwanza. Giaboksi ikianza kuteleza, au kutu ikishika chesisi, sifungui tena kitu. Nitaiuza ikiwa bado inatembea, na mnunuzi nitampa daftari alisome kabla hatujazungumza bei.