Siku moja maishani mwangu kwenye chumba cha CT: ule weupe ni damu au dawa?

Saa 1 asubuhi. Napokea zamu kwenye CT, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei. Wagonjwa wawili wa kiharusi wananisubiri: mmoja alipewa jana dawa ya kuyeyusha bonge la damu, mwingine alizibuliwa mshipa wa ubongo kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa, usiku.

Saa 2. Naanza na wa jana. Saa 24 zimetimia, na kabla ya picha hii hawezi kuanzishiwa aspirini. Hakuna damu iliyovuja.

Saa 4. Wa katheta, mama wa makamo. Picha ya kawaida inaonyesha weupe ndani kabisa ya ubongo, upande wa kushoto. Huenda ni damu. Huenda pia ni iodini, ile dawa ya kung'arisha mishipa aliyochomwa wakati wa kuzibuliwa, imepenya kwenye ubongo kwa kuwa kuta za mishipa ziliumia. Kwa CT ya kawaida vyote viwili ni vyeupe, na mtu akikisia tu, mgonjwa anaweza kunyimwa dawa anayoihitaji au kupewa itakayomzidishia kuvuja.

Kwa hiyo nampiga picha kwa nishati mbili za eksirei, kilovolti 80 na 140. Iodini hunyonya miale kwa wingi zaidi nishati ikiwa ndogo; damu hubadilika kidogo tu. Kompyuta hutumia tofauti hiyo kutoa picha isiyo na iodini, pamoja na ramani ya iodini peke yake. Weupe unaobaki kwenye ile ya kwanza kwa kawaida ni damu, ingawa chokaa (kalisi iliyoganda kwenye ubongo) nayo huonekana nyeupe na hudanganya, ndiyo maana nafungua pia picha za kabla ya tiba.

Anatikisa kichwa. "Tulia mama, tunamaliza sasa hivi." Akitikisika, picha zote zinaharibika.

Saa 5. Daktari wa radiolojia na wa mishipa ya fahamu wako kwenye skrini. Sehemu kubwa ya weupe imetoweka. Kimebaki kidoa cha damu. Uvimbe uliofichwa na iodini nao sasa unaonekana. Wanaamua aspirini isubiri, na presha isivuke 180/105.

Mchana unapita kwa vifua na matumbo.

Saa 11 jioni. Namwandikia wa zamu ya usiku: mama arudiwe kesho, nishati zilezile, kichwa kilale vilevile. Iodini kwa kawaida husafika ndani ya saa 24 hadi 48. Kidoa kile ndicho cha kulinganisha.