Kumlaza mtoto na jua bado linawaka

Mwezi wa sita hapa Stockholm jua linazama saa nne na dakika kama nane usiku, na ikifika saa tisa na nusu limeshachomoza tena. Katikati hapo giza totoro halipo, ni weupe tu kama wa alfajiri. Ukiwa na mtoto mdogo, tena umekulia Tanga kama mimi, majuma haya yanakuonyesha kwamba nyumbani kazi ya kulaza watoto ilikuwa ikifanywa na jua.

Kwetu, kiangazi au masika, saa moja usiku kiza kimeshaingia. Adhana ya magharibi ikilia, mpira unaachwa, miguu inaoshwa, kila mtoto ndani kwao. Ukishakula unasinzia mkekani huku wakubwa wakiendelea na mazungumzo, na asubuhi unajikuta kitandani hujui nani kakubeba. Sikumbuki mama yangu akihesabu saa zetu za kulala. Huku magharibi yenyewe ya mwezi wa sita inaingia baada ya saa nne usiku, na asubuhi yake mtoto anatakiwa shule ya awali kama kawaida.

Basi wazazi wenzangu wengi husema, mwache, akichoka atalala mwenyewe. Mimi siafiki. Ubongo hutoa homoni ya usingizi, melatonini, giza linapoingia, na mwanga ukilifikia jicho homoni hiyo inazuiwa. Watoto wadogo wanaathirika kutuzidi, kwa sababu mboni zao ni pana na lenzi za macho yao bado ni safi, mwanga unapita bila kizuizi. Mwanangu wa miaka mitatu akiniambia hana usingizi saa mbili usiku, namwamini. Hana ukaidi wowote, mwili wake unaambiwa bado ni mchana. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Anayeamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni vigumu kuzipata kama analala saa nne usiku. Na usingizi ukimpungua huoni mtoto aliyepoa. Unaona mtoto anayekimbia ukutani hadi ukutani na kulia kwa sababu ndizi imekatika.

Kwa hiyo giza inabidi ulitengeneze, na pazia zito peke yake halitoshi. Chumba cha mwanangu kinatazama kaskazini, nikadhani tumesalimika. Kumbe katikati ya kiangazi huku jua linachomoza kaskazini mashariki na kuzama kaskazini magharibi, chumba cha kaskazini kinalipata alfajiri na jioni. Na mwanga haupiti katikati ya pazia, unapita pembeni. Saa kumi alfajiri mstari mwembamba wa jua unatoka ubavuni mwa pazia la kukunja, unapita ukutani, unashuka hadi kwenye mto, pale pale penye uso wake. Tumeziba kingo kwa khanga kuukuu na utepe wa kunata, na alfajiri zimetulia. Nyumba za huku zimejengwa kuhifadhi joto, kwa hiyo shusha pazia tangu mchana chumba kisiive, na dirisha lifunguliwe kidogo tu likiwa na kizuizi chake, hasa kama mnakaa ghorofani.

Giza lianze kabla ya kitanda. Tunakula mapema, kama saa kumi na moja, na kuanzia saa moja nashusha mapazia ya sebuleni pia, televisheni na simu zinazimwa, anaoga, hadithi, dua, kulala. Shule ya awali niliwaomba walimu wamwamshe mapema usingizi wa mchana, wakakubali bila shida. Asubuhi ndiyo nguzo ya yote: namwamsha saa ile ile hata kama jana alichelewa, kisha moja kwa moja dirishani au nje. Mwanga wa asubuhi unavuta usingizi wa jioni uje mapema, kama vile mwanga wa jioni unavyousukuma mbele.

Lililo gumu kuliko yote ni sauti za watoto wa majirani uani. Saa mbili na nusu usiku wako kwenye bembea, wanacheka, na wangu amelala macho anasikiliza. Namhurumia kweli. Ijumaa na Jumamosi namwachia acheze nao kidogo, na sikukuu ya katikati ya kiangazi, ile ya kucheza kuzunguka nguzo ya maua, sithubutu hata kutaja kulala. Kiangazi chenyewe ni kifupi, naye ni mtoto wa huku.

Bibi yake hupiga simu ya video ikiwa kwao saa tatu usiku, huku saa mbili. "Mume wangu, bado hujalala?" Anamjibu, "Bibi, jua halijazama." Bibi hakubali mpaka apelekwe dirishani aone mwenyewe, kisha anageuza simu yake amwonyeshe giza la Tanga na taa ya barazani iliyozungukwa na wadudu. Siku hizi nimemwomba apige mapema zaidi, kabla ya mapazia kushuka.

Wengine huku hununua melatonini ya watoto kwa kusikia tu kwamba inasaidia. Usimpe kabla hujaongea na nesi au daktari wa watoto.

Katikati ya mwezi wa nane jua linazama kama saa tatu kasorobo, na kazi inapungua. Kama likizo iliwaharibia ratiba, rudisheni robo saa kila baada ya siku chache, mkianzia na saa ya kuamka. Waliokwenda nyumbani wana nafuu: saa mbili usiku ya Tanga ni saa moja ya huku, mtoto anashuka kwenye ndege akiwa na mazoea ya kulala mapema. Mshikie hapo hapo tangu usiku wa kwanza, kabla hajazisikia bembea.